Matza ya Fundi Vioo

Siku nane hizo, dukani kwetu Rosario,
haikuingia chembe ya mkate.
Mama alikwisha kung'uta mifuko ya makoti,
akapitisha unyoya wa bata kwenye pembe za droo,
na kibaniko akakifungia kabatini
kama mtoto aliyetukana wageni.

Baba hakulalamika. Alisubiri saa saba,
mashine ya kusugulia vioo inyamaze,
akatandaza gazeti la juzi juu ya meza ya kukatia,
akafungua kopo.

Ulimi wa ng'ombe, baridi, uliobaki karamuni,
vipande vyembamba vya kuonea mwanga.
Mzizi mkali uliosagwa na bitiruti.
Yai la kuchemsha. Tango la siki.
Halafu matza, mkate usiojua chachu,
mkavu, una madoa ya moto,
umetobolewa mstari kwa mstari
utadhani kiwandani walimfikiria yeye.

"Kioo hakikatwi," aliniambia
mwaka niliokabidhiwa kalamu ya almasi.
"Kioo huombwa. Unakikuna mara moja, kwa wepesi,
kisha unakigusa tu,
nacho chenyewe kinaachia."
Na kweli. Vioo vya vinyozi, vya sinema,
dirisha la duara la kanisa la mtaa wa pili,
vyote vilimwachia bila kuguna.

Akaigusa matza kwenye mstari wake.
Ikapasuka mshazari
kama ramani ya nchi inayogombaniwa.

Akachukua ya pili. Yale yale.
Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.
"Miaka arobaini, Raquel,
na hii haijanipa heshima hata siku moja!"

Basi tukaunga vigae:
kigae, ulimi, wekundu unaochoma pua,
kigae kingine kilichokataa kukaa,
vidole vikiwa misumari, kidevu kikiwa sahani.

Nje alikuwa Ceferino, msaidizi wetu,
na andazi lake la nyama.
Si wa dini yetu, na hakuna aliyemwambia atoke,
ila wiki hiyo alikula chini ya paa la jirani
asije akatuangushia chembe.
Mvua ya Aprili ilimlowesha magoti.
Baba alimwona kupitia kioo cha mteja,
akakigonga kwa pete.
"Njoo! Andazi liache hapo hapo.
Likiibwa, aliyeliiba alilihitaji."

Ceferino akauma. Sandwichi ikalipuka,
yai likamwingia mkononi mwa shati,
mzizi ukampanda hadi utosini, machozi yakamtoka.
"Don Naum, hiki ni chakula au adhabu?"
"Vyote viwili," Baba akajibu, mdomo umejaa.
"Usiku wa kwanza tunakula kichungu na kitamu
katikati ya matza mbili, ndivyo tulivyofundishwa.
Kwa hiyo sandwichi tunayo tangu zamani.
Nayo, nakuhakikishia, ilimwagika vilevile."

Ceferino akaomba nyingine.

Sasa meza ni yangu, na mikwaruzo yake.
Ceferino ana mvi, na mzizi husaga mwenyewe,
mkali kuliko wa Mama, anajisifu,
huku akilia.
Tukimaliza napangusa taratibu,
maana juu ya gazeti
chembe za matza na chembe za kioo
humeta namna moja.

Mwaka huu nimeigusa matza kwenye mstari
na imekatika.
Sawasawa. Imenyooka kama ukingo wa kioo cha nyumba ya benki.
Ceferino ameacha kutafuna.
Nimeishika nusu huku, nusu huku,
nikimtafuta mtu wa kumwonyesha.

Kisha nikaigonga kwa kiwiko.
Tukaunga vigae.