Jaribu Kidole Kingine

Sanduku nimelifungua kwa wembe wa kupogolea chai,
polepole, mama akinitazama kama napasua papai la wageni.
Mfuniko uligoma, ukashusha pumzi, ukakubali.
Ndani: simu, kifudifudi, rangi ya moshi wa jikoni.

Miaka minne nimezishika, mamia kwa zamu,
uchi, bila mgongo, matumbo nje,
tundu la kamera likisubiri kibano changu.
Sikuwahi kuona hata moja imevaa nguo.

Si ile ya wakubwa. Ile ilipita laini ya pili,
ambako akina Quyên walilipwa sawa na sisi
ila mifukoni walipekuliwa mara tatu.
Wala si ile ya bei ya kutupa, inayozimika kabla ya adhuhuri.
Ni ya katikati, kama mimi, mtoto wa tatu kati ya watano:
haitupwi, haipigiwi vigelegele.
Mshahara wa mwezi na nusu.
Mama aliuliza bei mara mbili,
na mara zote mbili nikamtajia nusu yake.

Utando wa plastiki niliubandua kwa ukucha.
Sauti ile! Kama ganda la muwa linapoachia.
Mgongo unajifanya kioo; ni plastiki, naijua kwa harufu.
Uso unasomeka hata juani, kwenye mteremko wa chai.
Ukiupangusa kwenda juu maneno yanateleza, kisha yanakwama,
kidogo tu, kama mtu aliyesahau jina lako akajikaza.
Spika ni moja, chini, palepale kiganja kinapoziba.
Kichwa cha chaja hakimo. Nilipekua hadi kijitabu,
lugha kumi na nne za kunipongeza.

"Inapika wali?" mama akauliza.
Nikamwambia inajua mvua itanyesha saa ngapi.
Akautazama mlima, akasema, saa kumi.
Simu ikasema kumi na moja.
(Ilinyesha saa kumi na robo.)

Kisha ikaomba kidole.
Gumba la kulia. Ikatetemeka: jaribu tena.
Nikalifuta kwenye suruali. Jaribu tena.
Cha shahada. Cha kati. Jaribu kidole kingine.
Vyote kumi nikavitoa, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu,
na kwa kila kimoja ikatikisa kichwa.

Nikavipeleka dirishani.
Laini kama mgongo wa kijiko.
Spiriti, miaka minne ya spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi,
jicho moja, na jingine, na jingine.
Kazi yangu ilikuwa kufuta alama za vidole.
Msimamizi Hậu alinisifu mbele ya wenzangu, Thoa haachi alama.
Sikujua nazifuta na zangu.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema.
Mimi gae nimelikataa, nimenunua chungu kizima,
na chungu kinaniuliza: wewe nani?

"Lete hapa," mama akasema, akaweka gumba lake,
limepasukapasuka, jeusi kwa utomvu wa chai,
lenye mifereji ya kupitisha maji ya shamba zima.
Mara chache tu, duara likajaa. Tiki ya kijani.
Akacheka hadi akakohoa, akarudi kwenye kikaango.

Kwa hiyo simu yangu hufunguliwa na mama.
Akiwa hayupo natumia tarakimu sita,
tarehe niliyoajiriwa; ndiyo iliyonijia haraka.

Picha ya kwanza ni ya mkono wake juu ya majani ya moto.
Pembeni kuna giza, na kijani kimezidi chumvi.
Nimeivuta karibu, karibu zaidi,
si kutazama mkono,
bali kutafuta vumbi kwenye lenzi.
Hakuna.
Aliyelipachika jicho hili alilipachika vizuri.