Baba Alipaka Shabaha

Baba alipaka rangi vitu vya kufa.
Ndiyo kazi iliyotulisha, huko New Mexico,
kwenye nyanda kavu ambako mvua huonekana kwa mbali
ikining'inia, isifike chini.

Kabla yake, babu Eusebio alishona mifuko:
kitambaa chekundu, kirefu kuliko kanisa letu,
kikakokotwa na ndege kwa kamba
huku wapiga mizinga wakijifunza chini.
Rubani, alisema babu, kila asubuhi
aliiombea kamba iwe ndefu.

Kisha ndege zikaondolewa marubani.
Kisha zikaja roketi za vita vilivyokwisha,
zilizotekwa ng'ambo, zikiwa na maandishi
ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.
Na mwisho, enzi ya baba,
yakaja makombora yaliyostaafu.
Yalikuwa yamekaa shimoni miaka thelathini
yakingoja amri ya kuteketeza mji fulani,
amri ambayo, ashukuriwe Mungu, haikuja.
Yakatolewa uzeeni, yakavuliwa vichwa,
yakaambiwa: sasa adui ni ninyi.

Hapo ndipo baba alipoingia na brashi.
Mraba mweusi, mraba mweupe, mweusi, mweupe,
ili kamera zijue linavyojizungusha.
Utepe, rula, na pumzi aliyoizuia.
"Pembe ikipinda ni aibu," alisema.
"Aibu mbele ya nani, Anselmo?" mama akamwuliza.
"Litaishi dakika sita."
"Ndiyo maana."

Siku ya kurusha, askari walileta hundi.
Ranchi yetu ilikuwa chini ya njia yake.
Tuliwatia kuku kwenye kreti, tukahamia hoteli ya mjini,
tukala pai ya pichi kwa fedha za serikali,
na mama akapiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi:
siku mbili za kuikimbia nyumba
zinalipa kuliko mwezi wa ng'ombe.

Alfajiri tulisimama kwenye maegesho, tumejifunika blanketi.
Mstari mweupe ukapanda nyuma ya milima.
Mwingine ukapanda kuulaki.
Halafu nyota ambayo haikuwapo,
halafu, kwa kuchelewa sana, mlio.
Watu wakapiga makofi.
Baba aliinama akafunga kamba za viatu
vilivyokwisha kufungwa.

Shabaha ikifa, daftari la uwanja liliandikwa: jaribio limefaulu.
Ikipona: limeshindwa.
Mara moja tu mstari wa pili ulipita kando,
ukaenda zake kama mtu aliyesahau alichotumwa,
na lile la baba likaendelea, peke yake, hadi likashuka
mahali walipotaka mahesabu yake, si watu.
Jioni mama akauliza kazi ilikuwaje.
"Wamekosa," akasema baba,
na akaomba viazi tena.
Hakuwahi kuomba viazi tena.

Theluji ilipoyeyuka, Ofelia, dada yangu,
alikuta kipande malishoni, ndama wakikilamba.
Ukubwa wa meza ya jikoni. Pembe hazikupinda.
Upande mmoja rangi ilikuwa imebabuka,
na chini yake, kwa penseli, mwandiko tuliokuwa tukiujua
kutoka kwenye orodha za dukani:
herufi ya mama, ya Ofelia, yangu.

Nilihesabu kwa vidole, vidole vikaisha.
Basi tulikuwa tumeuawa juu ya nyanda zile
mara kumi na tisa,
huku tukila pai.

Sikumwuliza. Kuna maswali ambayo mtoto
huyabeba kama kreti ya kuku, kwa mikono miwili,
akitazama anakokanyaga.

Ofisa mmoja kijana alikuja na lori kukichukua,
akatupa risiti:
*Chuma. Kipande kimoja. Hakina thamani.*
Mama akaibandika kwenye mlango wa jokofu,
na kila asubuhi baba, akitafuta maziwa,
aliisoma yote.