Makofi Mawili

Nimekuja saa kumi na moja alfajiri
ili nisikutane na mtu.
Miezi kumi na minne sijavua nguo
mbele ya mwanamke asiyeshika sindano.

Hapa Mokpo hamamu hufunguliwa mapema
kwa ajili ya wauguzi wanaotoka zamu.
Wawili wamo majini hadi shingoni, macho wameyafumba.
Napita nimekumbatia beseni
kama aliyebeba mtoto wa kuazima.

Kovu langu laanzia juu ya kitovu,
lakikwepa kwa adabu,
kisha lateremka hadi chini
kama mshono wa gunia, wa mtu mwenye haraka.
Wametoa ovari zote mbili, na mji wa mimba,
na pazia la mafuta tumboni
ambalo sikujua ninalo
mpaka nilipoambiwa sinalo tena.

"Pigana," aliniandikia wifi yangu.
Nipigane na nani?
Ugonjwa ulikula mezani pangu sijui miezi mingapi,
nami nikiuita gesi,
nikiuita unene wa utu uzima.

Seon-hui alileta vibakuli sita vya uji wa boga,
akavipanga kwenye friza,
akaondoka viatu havijamkaa miguuni.
Tangu hapo hunitumia picha za maua.
Mume wangu hulala ukingoni mwa godoro
kama aliye kando ya ukuta uliopakwa rangi leo.
Simlaumu.
Natamani tu shati lake lichafuke.

Umri wa watoto wa wenzangu nimeusahau,
namba za damu yangu nazijua zote:
kumi na moja, kumi na moja, kumi na tisa.
Ijumaa watapiga simu.

"Umepotea," asema Pil-lye, msuguaji,
ambaye sote twamwita mama mdogo
ingawa hana undugu na yeyote kati yetu.
"Nilikuwa naumwa."
"Lala."

Meza yake ya plastiki ni ileile ya waridi, ina ufa uleule.
Anamwaga maji bila kuuliza kama ni ya moto.
Glavu yake ya kijani yaanzia begani,
na mimi wa mwaka jana natoka vipandevipande,
kijivu, kama takataka za kifutio cha penseli.

Nangoja mkono uruke.
Wote huruka: macho, maneno, hata shuka.
Mkono umefika kwenye kovu.
Haukuruka.
Umepunguza mwendo tu, kama gari mbele ya shule,
ukapita, ukarudi, ukapita.

"Hapa panawasha?"
"Mvua ikikaribia."
"Basi leo?"
"Leo panawasha."
"Bora umesema. Nilitaka kuanika taulo."

Nikacheka, na kicheko kikafungua mlango
ambao nilikuwa nimeuegemea kwa mgongo tangu upasuaji.
Nikalia juu ya plastiki ya waridi, uchi, mdomo wazi,
na yeye akawa anamwaga maji,
beseni baada ya beseni,
asije akaonekana ananitazama.

Kisha makofi mawili pajani, pa, pa,
kama anavyompiga kila mtu,
bibi harusi, mjane, mke wa diwani:
geuka, upande mwingine nao unangoja.

Nikageuka.

Bei imepanda tangu mwaka jana.
Hakunipunguzia hata senti.