Chupa ya Klabu ya Kilembe

Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, chini ya kitenge cha msiba,
imevikwa soksi moja ya mwanamume.
Ya nani, hakuna aliyeuliza.
Chupa nyembamba, fupi,
rangi yake chai iliyosahauliwa jikoni.

Biira akasema: dawa ya kikohozi.
Kule, mlokole wetu, akasema: pombe, imwagwe.
Mimi nikamkumbuka mama akifua vitambaa vya meza
vya Klabu ya Kilembe, enzi shaba ikitoka mlimani
na Kiswahili cha mgodini kikitulisha.
Halafu mgodi ukafungwa, mameneja wakapanda ndege,
wafanyakazi wakalipwa walichoweza kubeba:
huyu kiti, yule sufuria,
mwingine saa ya ukutani isiyokwenda.
Mama, chupa.

Tukampelekea Muhindo, mtoto wa Biira,
anayefunga tai hotelini Kasese mjini.
Akaishika kitako na shingo, kama kichanga,
akasoma karatasi yake herufi kwa herufi,
kisha akatueleza, akijikuna sikio:
Huu ni mvinyo wa baada ya chakula.
Hunywewa kidogo, usizidi kidole kwenye glasi.
Huko kwao zabibu huachwa mtini
hadi ukungu wa asubuhi uzitie kuvu,
zinyauke, zikunjamane, ziwe na sura ya bibi.
Majirani wameshavuna, wamelala,
na mwenye shamba bado anangoja zioze.

"Kuvu?" Kule akauliza.
"Kuvu. Ndiyo sukari yake."

Nikacheka mpaka nikakohoa.
Mama, aliyefukia ndizi shimoni siku tano
na kumzaba kofi aliyefunua siku ya nne!
Angeliambiwa hayo, angesema tu: sasa jipya ni lipi?

Kizibo kilikuwa kimefunikwa nta ya mshumaa.
Muhindo akasita. Hii, shangazi, ilishafunguliwa.
Akaiinua dirishani: mvinyo ulikuwa chini ya bega,
na pembeni ya karatasi, kwa kalamu ya bluu,
vistari, kimoja chini ya kingine,
vikishuka pamoja na mvinyo.
Saba.

Tukaanza kuhesabu. Sisi tumezaliwa wanne.
Harusi zilikuwa mbili.
Mwaka ule mto Nyamwamba ulipobeba jiko letu?
Misiba? Ingekuwa misiba, chupa isingetosha.
Biira akaitazama ile soksi, akaikunja,
akaitia mfukoni mwake bila neno.

Tukaonja kwa kifuniko cha thamosi, tukipokezana.
Kwanza asali. Kisha ganda la chungwa,
kisha kitu kikali kidogo, mwishoni kabisa,
kama jina ambalo mtu amelimeza miaka arobaini.
Kule, na wokovu wake,
akarudisha kifuniko kikiwa kikavu.

Halafu tukawasha mshumaa,
si wa sala, wa nta.
Kalamu alikuwa nayo Muhindo.