Mstari wa 214

Steshenari yangu hufungwa saa mbili usiku.
Mchana natoa kopi: fomu za chama cha msingi,
vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi
zenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu."
Usiku nashusha shata nusu,
nabaki na mashine moja, feni yake inakohoa,
na harufu ya mabibo yanayooza nyuma ya soko la Newala,
bawabu wa lango moja dogo
la kompaila isiyo na mwenyewe.

Isiyo na mwenyewe, yaani ina wenyewe elfu.
Mmoja yuko Tampere, simjui sura,
najua tu hapendi nafasi tupu mwishoni mwa mstari.
Mwingine Resife. Mwingine alikuwa Asanali wa Liwale,
aliyeshika mgao wa rejista miaka saba,
akaandika juu ya faili lake: "Usiguse hapa kabla hujaniuliza,"
kisha akaoa, akanunua pikipiki mbili, akaacha kujibu.
Tuligusa.
Ilituchukua miezi minne kujua alichokuwa anakiogopa.

Kazi yenyewe haina ngoma.
Mtu anaandika maneno ya binadamu, au yanayokaribia,
sisi tunayabangua, ganda huku, punje kule,
mpaka zibaki sifuri na moja ambazo chuma kinaweza kumeza.
Mama yangu alibangua korosho kwa mkono.
Mafuta ya maganda yakamlamba vidole
hadi alama za dole zikafutika;
alipokwenda kusajiliwa kitambulisho, mashine haikumjua.
Vidole vyangu vizima.
Namkumbuka kila ninapokataa kazi ya mtu.

Jumanne kikaja kiraka kutoka Ndanda.
Jina: Somoe Nandonde. Mabadiliko: mstari mmoja.
Maelezo: "Hii inakosea hesabu."
Nikajibu kama nilivyojibiwa zamani, mlango nusu:
Hakuna jaribio. Onyesha.

Jumatano usiku, majaribio kumi na saba.
La kwanza lilitosha:
hasi saba, gawanya kwa mbili.
Daftari la shule linasema hasi tatu, baki hasi moja.
Kompaila yetu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, ikasema hasi nne.
"Niliiona kwenye makato ya korosho za babu," aliandika.
"Kila mkulima mwenye deni, deni lake limezidi kidogo."

Limezidi kidogo.

Nikafukua historia. Yenyewe haisahau:
kila mstari una jina, tarehe, saa.
Wa 214: Machi, miaka minane nyuma, saa tisa usiku,
Chinguile H.
Mimi.
Umeme ulikuwa unarudi na kukatika, nami nilitaka mwendo;
nikaona kugawanya kunachelewesha, nikasukuma biti kulia,
njia ya mkato, na pembeni nikaandika neno moja: "salama."
Wa Tampere aliupitia. Wa Resife aliupitia.
Asanali aliandika, "Safi."
Macho manane, na hasi saba ikapenya katikati yetu
kama mbuzi kwenye ua uliopungua mti mmoja.

Nilikaa. Nilianza kumwandikia kirefu,
habari za umeme ule, na betri iliyokuwa imevimba,
na kwamba wakati ule hatukuwa na majaribio ya namba hasi kabisa.
Nikafuta.
"Kosa ni langu. Asante. Nimepokea."

Mstari ukabadilika jina.
Majaribio elfu nne mia moja na tisa
yakaanza kupita, nukta za kijani, moja, moja,
mpaka la mwisho, nami nimeshashika ndoana ya shata.

Ujumbe ukaingia.
"Samahani mwalimu. Na ule wa 213, nao ni wako?"