Mizani ya Pongwe

Mimi Perisi Semng'indo, karani wa mizani,
miaka tisa katika kibanda cha bati kule Pongwe,
kando ya tanuri la chokaa.
Kazi yangu ilikuwa moja:
lori lipande, sindano itulie,
niandike ilichosema sindano.
Sindano haina ukoo, haina dhehebu,
haijui nani kamnunulia nani chai.

Nilirudi nyumbani nywele nyeupe,
wanangu wakanicheka: Mama kazeeka tena leo!
Nikijimwagia maji, ujana ukarudi.

Ndipo akaja Mzee Hoza, mwenye tanuri,
mzee wa kanisa, ndiye aliyetuezekea paa
masika yasitunyeshee tukiomba.
Hakunifokea. Laiti angenifokea.
Alivuta kiti, akaniita binti yangu.
"Lori la Kibwana lina tani thelathini na nne.
Andika ishirini na nane.
Ushuru unatumaliza, na Mungu anajua mioyo."

Nikaandika.
Silifichi hilo, msije mkanidhania mtakatifu wa dirishani.
Niliandika nane, kiduara juu ya kiduara;
kalamu haikukatika, mbingu haikupasuka,
na bahasha ya jioni ile
ilinunua sare ya Mbelwa na kilo mbili za nyama.
Nyama ilikuwa tamu. Na hilo silifichi.

Jumapili tukapanga mstari kwenda Mezani.
Mzee Hoza mbele, viganja amevikinga kama mtoto.
Miguu yangu ikagoma.
Nikabaki benchini na wale wasiopata Kipaimara,
kitoto kimoja kikaninong'oneza:
"Na wewe bado hujamaliza mafundisho?"
Nikakijibu: "Bado."

Jumatatu nikafungua daftari.
Nikapiga mstari mmoja tu, ili kosa lisomeke,
juu yake thelathini na nne, na sahihi yangu.
Bahasha nikairudisha,
kilichobaki, na nilichokopa kukijazia.

Hapo maneno yakaanza kuja, yote kwa upole.
Padre: "Perisi, hekima nayo ni karama. Yale mabati..."
akanyamaza, akatazama juu.
Kaka yangu wa Muheza: "Mkono mtupu haulambwi, dada."
Akina mama wa kwaya: "Kwani wewe unasali kutuzidi?"
Hakuna aliyeniambia mkane Kristo.
Hakuna aliyeshika panga.
Walisema tu: punguza. Tani sita tu.
Kumbe imani haiombwi yote kwa siku moja,
huombwa kidogo kidogo,
kama chumvi ya jirani.

Mwisho wa mwezi kibanda kikapata karani mwingine.
Bi Mwanasha wa nyumba ya pili,
ambaye futari yake hunifikia kila Ramadhani,
alikuja na kisahani cha vibibi, akaketi kizingitini.
"Dini zetu mbili, shoga," akasema,
"lakini kilo ni kilo."
Sijapata kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo,
wala yaliyonishibisha vile.

Sasa nauza vitunguu Mgandini.
Sijatajirika; asikudanganye mtu.
Mbelwa bado anavaa sare ileile, niliyoilipia mara mbili,
suruali imempanda juu ya vifundo.
Kanisa mwaka huu limepakwa chokaa ya Mzee Hoza,
jeupe mpaka macho yanauma.
Naingia, nakaa benchi langu, siku hizi nakwenda Mezani,
naye akiwa mbele yangu namwombea,
siku nyingine kwa meno yaliyokazwa.
Chokaa hung'arisha hata kaburi.
Simsemi mtu. Nasema chokaa,
nimeivuta kifuani miaka tisa.

Na sokoni, mteja anapogeuka kumtazama mwanawe,
sahani ya mizani ikining'inia kati yetu,
hapo ndipo ninaposali kuliko mahali pote.
Nakitazama kidole changu kidogo.
Uzito wake naujua.
Gramu chache tu.
Tani sita zilianzia hapo.