Daftari la Kitanda cha Nne

Mimi ni mtu wa deki. Ndoo mbili, tambara, dawa ya kuchoma pua,
na wodi ya watoto, hapa Arua,
kuanzia mlangoni hadi dirisha lisilofungika.
Sikuajiriwa kuandika.
Ila Candiru aliuona mwandiko wangu
kwenye kibao cha SAKAFU INATELEZA,
akasema: herufi zako zimesimama wima,
zinaweza kutumwa.

Wakati huo taya lake lilikuwa limejaa upande wa kushoto
kama mtu aliyeficha kipande cha muwa asije akaombwa.
Maneno yalimtoka yamepondeka.
Nikijaribu kuyanyoosha, ananikemea:
"Usiyapambe. Andika nilivyosema."

Kwa Kilugbara jina lake ni taabu.
Alipewa mwaka wa njaa, hata hajaugua,
naye alilibeba kama jerikeni la mwenzake:
ananung'unika kidogo, lakini halimwagi.

Wageni wa kanisa walimwuliza anataka nini.
Walikuja na wanasesere.
Akataka kalamu mbili, moja ikiisha.

Ukurasa wa kwanza, kama nilivyoamriwa:

    Wewe uliyefika leo.
    Usiku wa kwanza ndio mrefu. Wa pili umekatwa kidogo.
    Kitanda cha sita kinalia ukigeuka. Si jini, ni skrubu.
    Nesi Ezatiru ana mkono mwepesi.
    Yule mwingine mkono wake mzito, lakini ana pipi. Vumilia.
    Dawa nyekundu itageuza mkojo wako kuwa juisi.
    Hiyo si damu. Mwambie mama kabla hajaona mwenyewe.
    Nywele zikidondoka, weka dirishani,
    kuna ndege anajenga.
    Mdomo ukiwa na ladha ya msumari, nusa ganda la limau.
    Muulize mtu wa deki.

"Mtu wa deki atayatoa wapi malimau?"
"Hiyo ni shida yako," akasema. "Mimi nimeshaandika."

Kuna mstari niliukataa siku mbili.

    Kitanda cha jirani kikiwa kitupu asubuhi
    usikubali kwamba kaenda nyumbani.
    Uliza jina lake lote. Litaje wakati wa uji.

Nikasema mama zao watanifukuza kazi.
Akageukia ukuta.
Ukuta wetu ni wa kijani hadi kiunoni mwa mtu mzima,
juu ya hapo mweupe;
mtoto aliyelala, akigeuka, anaona kijani tu.
Siku ya tatu nikaandika.

Akaja Lado, kutoka kambini, na tumbo lililovimba,
hajui Kilugbara, Kiswahili hajui.
Nikamsomea kwa Kinubi cha bibi yangu,
mguu mmoja ukishikilia ndoo isihame.
Kwenye skrubu akacheka.
Candiru akanyanyua kidole: rudia hapo.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Sakafu ilikauka nusu, nusu ikabaki.

Kitanda cha nne kilitandikwa upya siku ya Jumanne, mapema mno.
Nilipiga deki chini yake mara mbili, palikuwa pasafi.
Uji ulipoletwa nikasimama katikati, na buti zangu za mpira,
nikasema: Candiru, binti wa Onzima, wa Vurra.
Vijiko vilinyamaza.
Hakuna mama aliyenifukuza.
Mmoja aliniongezea sukari.

Daftari? Lado aliporuhusiwa alitoka nalo chini ya shati.
Nililiona, na jedwali la kuzidisha likichungulia mgongoni.
Nikainama kukamua tambara
hadi gari lilipopita geti.

Sasa naisoma bila karatasi, nikirudi kinyumenyume na fagio.
Mingine naisahau, nabuni;
najua angenikemea.

Jana usiku kaletwa msichana wa Koboko, halali,
ameshika chuma cha kitanda kama anayevuka mto.
Nikaweka ndoo chini.
"Wewe uliyefika leo," nikaanza,
na kabla sijafika kwenye skrubu
akanusa hewa, akaniangalia koti:
"Mzee, mfukoni una nini?"